Chupa ya soda ina mwenyewe, ya mvinyo haina

Saa 12 asubuhi. Nimeshaswali, nimeshakunywa chai. Nasukuma gari langu la magurudumu mawili kwenye milango ya nyuma ya hoteli za Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nikikusanya chupa tupu za kuuza. Chupa za kreti, za soda na bia, siziulizii. Mwenye baa ameziwekea pesa, ikipotea moja analipa yeye, ndiyo maana huzioni zimetupwa. Ninazopewa ni za mvinyo na pombe kali, zilizovuka bahari na hazina pa kurudi.

Saa 3. Leo bamvua, maji yamekupwa mbali. Nawatangulia akina mama wanaolima mwani, naokota vigae vya chupa vilivyojificha mchangani. Mwaka juzi kigae kimoja kilimchana mama yangu unyayo akiwa kwenye kamba zake za mwani, akakaa mwezi mzima bila kushuka pwani. Tangu siku hiyo sipiti kigae nikakiacha.

Saa 5. Kazi yenyewe ndiyo hii: kuchambua. Nyeupe peke yake, kijani peke yake, kahawia peke yake. Natoa vizibo na pete za bati, nasaka vipande vya sahani. Kipande cha kauri kikiingia tanurini hakiyeyuki, hubaki punje ndani ya chupa mpya na kuidhoofisha. Kioo kilichosafishwa huyeyushwa tena na tena bila kuchakaa, tena kwa moto mdogo kuliko wa kuanza na mchanga.

Jirani kasimama kando. "Mwanangu, na hizo chupa za pombe, utaswali vipi?"

"Shangazi, maji yapo, naoga. Zikibaki pwani zitawakata nyinyi."

Akanyamaza, kisha akaenda kuniletea polo mbili tupu, yaani magunia.

Saa 9. Mnunuzi kaja na mizani. Unguja hatuna tanuri la kiwanda cha chupa, kioo lazima kivuke Dar es Salaam, na nauli ya chombo inamla yeye na mimi. Polo langu la rangi moja kalilipa sawasawa na lililochanganywa la mwenzangu. Hapo ndipo ninapoumia.

Kwingine si hivyo. California, Marekani, mnunuzi wa kinywaji huongeza senti 5 za dola kwa chupa ndogo na 10 kwa kubwa, akiirejesha anarudishiwa. Juu ya hilo, serikali huwalipa wakusanyaji nyongeza kwa kioo kilichotengwa kwa rangi na kuondolewa uchafu. Mpango ulianza 1987, ingawa chupa za mvinyo na pombe kali zimeingizwa Januari 2024 tu. Basi na sisi hatujachelewa. Chupa hizi zinaingia kwa bandari na zinatozwa ushuru. Ikatwe hapo hapo pesa kidogo ya kila chupa, imfikie anayeichambua.

Saa 12 jioni. Nafunga polo la kijani kwa kipande cha kamba ya mwani ya mama. Kesho maji yatachelewa kidogo kukupwa kuliko leo, kwa hiyo nitaiwahi na hoteli ya mwisho kabla akina mama hawajashuka.