Kalavati limekwisha, bado mkopo

Jamani, leo acha nimsifie kidogo diwani wetu, maana kulalamika tumelalamika vya kutosha. Lile kalavati la njia ya zahanati limekwisha. Jana mvua imenyesha kutwa nzima na bodaboda wamepita bila kumshusha abiria avuke kwa miguu. Nilisimama pale kuangalia: maji yanaingia upande huu, yanatokea ule, kina mama na watoto mgongoni wanapita juu, viatu vikavu.

Kilichonifurahisha zaidi ni ubao wa ofisi ya kata. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji ndiye katibu, na safari hii wamebandika mapato na matumizi. Karatasi ya mwandiko wa mkono, lakini inasomeka: saruji mifuko mingapi, nondo ngapi, fundi kalipwa nini.

Ila kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kukopesha vikundi, nina neno. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Kikundi chetu cha ushonaji tulipeleka andiko la kuomba mkopo, tukaambiwa turekebishe katiba ya kikundi, tukarekebisha, sasa kimya. Diwani anasema suala liko kwa afisa maendeleo ya jamii. Haya. Jumatatu tunaenda naye huko huko, amekubali mwenyewe mbele za watu. Wenye vikundi vilivyokwama njooni, na msisahau nakala ya cheti cha usajili.