Nilivyovuta ndege uani kwangu Dar bila kulisha kunguru

Kama unaishi Dar unajua, ukimwaga makombo ya wali nje wa kwanza kufika ni kunguru, wa pili kunguru, wa tatu kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu wala sio wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakapaona pazuri wakavuka hadi bara, na hawaishii kwenye taka, mayai na makinda ya ndege wadogo nayo wanapitia. Kwa hiyo ishu nzima ilikuwa kuwaita wadogo bila kumkaribisha huyu jambazi.

Mi nilianza na maji, sio chakula. Nilichukua kile kisahani cha udongo kinachokaa chini ya chungu cha maua, nikakiweka juu ya matofali pembeni ya kichaka, maji kidogo tu ya kulowesha miguu na jiwe katikati la kutua. Aisee kiangazi cha Januari na Februari watu wanakuja wenyewe, shomoro, tetere, na mmoja kichwa cheusi na njano chini ya mkia ambaye programu ya simu ya kutambua ndege iitwayo Merlin (ni ya bure, ya Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani) iliniambia ni bulbul, huyo akioga anarusha maji mpaka kisahani kinakauka. Maji nabadilisha kila asubuhi, hilo halina mjadala, dengi tunaijua hapa mjini.

Chakula kilifuata baadaye na ni nafaka ndogo tu, uwele na mtama, hakuna ugali wala mkate wala mabaki ya nyama. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kiboksi cha wavu wenye matundu anayopita shomoro lakini kunguru anaishia kuingiza mdomo, siku za mwanzo walikuwa wanakizunguka wakipiga kelele halafu wakachoka wenyewe. Bibi wa jirani alinikuta najaza akasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mtama wote huo si ungesaga ukapata uji?"

Nikamwambia ni wa ndege, akacheka, ila siku hizi akipepeta mchele wake chenga ananiletea.

Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, yeye hana habari na nafaka, anataka maua. Nina alovera na hibiskasi nyekundu kwenye fensi na dume mwenye kifua chekundu anakuja karibu kila siku. Ukimtazama vizuri kwenye hibiskasi mara nyingi haingii kwa mbele, anatoboa ua pale kwenye kikonyo ananyonya asali anaondoka, yaani hagusi chavua, ua halijapata faida yoyote. Utando wa buibui pia siufagii tena ukutani, chozi anautumia kushikizia kiota na buibui wenyewe anawalisha watoto, mke wangu hili bado hajalikubali.

Ila burudani kamili ni mnana, ndege anayefuma kiota chake, kwenye mnazi. Anauma ukingo wa jani kisha anaruka huku amelishika, unachanika uzi mrefu, anaenda kufuma, na wakiwa wengi kuti linabaki njiti tupu. Dume akimaliza anang'ang'ania chini ya mlango wa kiota anapiga mabawa, jike anakuja kukagua, asipopendezwa anaondoka na jamaa anaweza kukifumua chote aanze upya. Naangalia kupitia dirisha la jiko, taa imezimwa, maana ukisimama nje wanaacha kazi.

Ndege aitwaye dudumizi bado namsikia tu, ile sauti kama maji yanamwagika kutoka kwenye chupa, inatoka kwenye nyasi ndefu nyuma ya ukuta ambazo nimekataa zisifyekwe. Kilichobaki ni paka. Sio wangu, ni wa jirani, analala chini ya kisahani kabisa mchana kweupe. Nimekipandisha juu na kuzungushia matawi ya miiba, imepunguza kidogo, mwenye mbinu nyingine isiyoleta ugomvi na jirani anipe.