Kamera ndogo katika jua na chumvi ya Mombasa

Watu wengi mjini kwetu wameziacha kamera ndogo za dijitali tangu simu zilipoanza kutoa picha nzuri. Mimi bado naibeba yangu kila ninapokwenda Mji wa Kale, kwa kuwa ina lenzi inayovuta mbali na kitufe cha kurekebisha mwanga ninachokipata kwa kidole gumba bila ya kuondoa macho kwenye kioo.

Nikisimama chini katika Ndia Kuu na kuielekeza juu kwenye roshani ya mbao, vioo vya lenzi husogea na nakshi huja karibu bila ya kupoteza ukali wake, ilhali simu isiyo na lenzi ya mbali hukata sehemu ya picha na kuikuza tu. Ni kweli kwamba sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ya kamera nyingi za aina hii ni ndogo, takriban milimita 6.17 kwa 4.55, na ndiyo maana picha za usiku hujaa chenga. Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012, ina sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo linalozidi hilo zaidi ya mara nne, lakini kwa matembezi ya mchana hii yangu yanitosha.

Kwa maoni yangu, shida kubwa ya mpiga picha hapa Mombasa ni jua la adhuhuri. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Kwa hiyo ukuta uliopakwa chokaa ukijaa kwenye picha hutoka wa kijivu, na mlango wa mbao nyeusi ukijaa hutoka umepauka na nakshi zake zimefifia. Kwa ukuta huongeza mwanga kidogo, kwa mlango hupunguza, kisha hubonyeza kitufe cha kupigia nusu ili kamera ishike shabaha, ndipo nikamalizia kubonyeza.

Udogo wake pia hauwashtui watu. Muuza kahawa mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu, nilimwamkia shikamoo na kumwomba ruhusa kwanza. Aliitikia marahaba, akaligeuza dele lake la shaba ili upande uliong'arishwa unielekee, na chini yake makaa yakaonekana mekundu. Nilizima flashi, kwani ingeufuta wekundu ule wote, kisha nikamwonyesha picha kwenye kioo. Alitaka nyingine, safari hii akiwa ameshika vikombe.

Matunzo ndiyo yanayohitaji bidii zaidi, maana hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kuvu huweza kuota ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini kwa muda mrefu. Yangu hukaa katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Nikitoka chumba chenye kiyoyozi huiacha mkobani hadi ipate joto la nje, la sivyo lenzi hufunikwa na mvuke papo hapo. Ufukweni, upepo wa kusi unapovuma, siifungui kabisa: lenzi inaporudi ndani huburuta mchanga, na chembe moja yatosha kuikwamisha.

Anayetaka kununua iliyotumika aulize kwanza kama betri yake bado inapatikana madukani. Kisha apige picha ya anga tupu, lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, aikuze kwenye kioo na kutafuta madoa meusi. Doa linalobaki mahali pale pale katika kila picha, hata baada ya kupangusa kioo cha mbele, kwa kawaida ni vumbi lililofika kwenye sensa, na kwa kuwa lenzi ya kamera hizi haiwezi kuondolewa, kulisafisha kunahitaji fundi aifungue kamera yote.