Shilingi ya Hospitali Inalala kwa Nani?

Kila Bunge la bajeti linapokaa Dodoma, swali linaloulizwa kuhusu hospitali za wilaya ni lile lile: safari hii zimetengewa kiasi gani. Ni swali halali, hasa tukikumbuka kwamba mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti za serikali zao kwa ajili ya afya. Hata hivyo, mtu aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha uhasibu cha hospitali ya wilaya, kama nilivyofanya mimi, hujifunza upesi kwamba kuna swali la pili ambalo wabunge huliuliza kwa nadra: shilingi hiyo ikishatengwa inalala kwenye akaunti ya nani, na ni lazima nani atie saini ndipo itoke? Tafiti zilizofanyika katika nchi zetu zimelijibu swali hili la pili kwa uwazi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani kidogo. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990 hadi mwaka 2004, Wizara ya Afya ya Tanzania ikishirikiana na taasisi ya utafiti ya Kanada, IDRC, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Timu za afya za wilaya zilionyeshwa kwa takwimu za vifo vya vijijini ni magonjwa gani hasa yanayoua watu wao, kisha zikapewa nyongeza ndogo ya fedha na uhuru wa kuipangia matumizi. Nyongeza iliyokuwa imeandaliwa ilikuwa dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, lakini wilaya zilijikuta zikitumia chini ya dola 1 tu kwa kila mkazi. Ilibainika kwamba malaria ilikuwa ikipewa sehemu ndogo sana ya bajeti ikilinganishwa na idadi ya watu iliowaua, kwa hiyo fedha zikahamishwa kufuata ugonjwa. Katika kipindi cha miaka kama mitano, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sisemi kwamba kila kilichopungua kilitokana na mradi huo peke yake. Ninachosema ni kwamba fedha zenyewe zilikuwa kidogo, na kilichobadilika zaidi kilikuwa ni nani anaamua zifanye nini.

Tukumbuke pia tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu katika vituo vya umma yalikuwa bure, hadi mwaka 1993 serikali ilipoanza kurudisha uchangiaji, ikitangulia na hospitali kubwa na kushuka hadi za wilaya. Hapo ndipo ukazaliwa mfuko ambao wahasibu wa halmashauri wanauita papo kwa papo, yaani fedha anayotoa mgonjwa pale dirishani. Mwaka 1996 Igunga ikawa wilaya ya kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, ambapo kaya ililipa mchango mmoja kwa mwaka na serikali kuongeza kiasi kinacholingana na mchango huo, nyongeza inayojulikana kama tele kwa tele. Sheria ya mfuko huo ilipitishwa mwaka 2001. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Tatizo ni kwamba mwanakijiji alilipia zahanati yake, fedha ikasafiri kwenda akaunti ya halmashauri, na kurudi kwake kijijini kukategemea barua, vikao na nafasi ya gari. Mganga mfawidhi aliyehitaji kununua glovu na sabuni aliandika maombi kwa ofisi iliyokuwa na maombi mengine mengi mezani.

Ndiyo maana mabadiliko ya mwaka wa fedha 2017/18, yaliyoelekeza fedha za mfuko wa pamoja wa afya, yaani zile wanazochangia wafadhili kwa pamoja, zitoke Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya benki ya kila kituo, mimi nayahesabu kuwa makubwa kuliko majengo mengi tuliyoyazindua kwa utepe. Mgawo wa kituo haukuachwa kwa hisani ya mtu. Uliwekewa vigezo kama idadi ya watu wanaohudumiwa na wingi wa huduma zinazotolewa. Kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo hapo awali ilikuwa ikiitwa kusikiliza taarifa tu, ikapata kitu cha kusimamia. Bila shaka kazi iliongezeka. Zahanati nyingi hazina mhasibu, kwa hiyo muuguzi anayezalisha usiku ndiye anayejaza hati za malipo mchana, na wahasibu wasaidizi waliopangwa katika vituo vya afya wanalazimika kuzungukia zahanati za jirani. Nimewahi kuona hati ya malipo yenye alama ya kidole cha dawa ya iodini, na sikuwa na moyo wa kuirudisha irekebishwe.

Hapa niongeze jambo moja kuhusu dawa. Kituo kinapoagiza kutoka Bohari ya Dawa na kujibiwa kwamba dawa hiyo haipo ghalani, kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, msambazaji binafsi aliyeshindanishwa na kuingia mkataba na mkoa. Utaratibu huu ulianzia Dodoma mwaka 2014 na baadaye ukaenea nchi nzima. Ni utaratibu wa maana, lakini una maana hiyo kwa kituo chenye fedha akaunti­ni tu. Mshitiri ni mfanyabiashara, na ahadi ya fedha zilizoko wilayani haimsaidii kulipa madeni yake.

Wenzetu wa Kenya wamepitia jaribio hili mara mbili, na mara ya pili wakalipitia kinyumenyume. Kuanzia mwaka 2005 zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Pwani vilijaribiwa kupelekewa fedha moja kwa moja, na watafiti waliofuatilia waliona vituo vikikarabatiwa, vikiajiri wasaidizi na kufanya safari za kliniki nje ya kituo. Waliona vilevile kwamba vituo vingi viliendelea kutoza zaidi ya ada iliyowekwa na sera, na kwamba wanajamii wa kawaida hawakuwa na habari nyingi kuhusu fedha hizo, jambo ambalo sisi tunaoshabikia utaratibu huu hatupaswi kulifunika. Kisha ukaja ugatuzi wa mwaka 2013. Madaraka yalitoka Nairobi, lakini katika kaunti nyingi yalifika makao makuu ya kaunti na kusimama hapo: makusanyo ya hospitali yakaingizwa katika mfuko wa mapato wa kaunti, na hospitali ikaanza kuomba fedha ilizozikusanya yenyewe. Utafiti uliofanywa katika hospitali za ukanda wa pwani ulieleza jinsi mameneja walivyopoteza uwezo wa kuamua, vifaa vikachelewa, na ari ya wafanyakazi ikashuka. Ilichukua miaka kumi kabla sheria ya mwaka 2023 haijaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao na kuyatumia.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kumlipa mtoa huduma kwa matokeo. Mkoa wa Pwani, Tanzania, ulijaribu tangu mwaka 2011, na tathmini iliyoongozwa na Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake ilionyesha kwamba uzazi katika vituo uliongezeka kwa takribani pointi 8 za asilimia. Lakini uchambuzi uliofuata ulibaini kwamba katika duru za mwanzo vituo vilivyokuwa na hali nzuri ndivyo vilivyopata malipo makubwa zaidi, ingawa pengo hilo lilipungua baadaye. Halinishangazi. Huwezi kufikia lengo la uzazi salama kama huna maji, na huwezi kuvuta maji kwa tuzo ambayo utalipwa baada ya kufikia lengo.

Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na mazungumzo yamehamia kwenye viwango vya michango. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, yaani shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima, na ni wazi kwamba kiwango hicho hakiwezi kubeba hospitali. Wakati huo huo hospitali ya wilaya inahudumia kwa msamaha wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza. Mimi naiunga mkono misamaha hiyo bila masharti. Ila katika vitabu tulivyokuwa tukifunga, misamaha ilihesabiwa na kuripotiwa vizuri kabisa, na hapakuwa na mstari wowote wa mapato uliokuja kuifidia.

Hospitali Teule za mashirika ya dini zinaumia zaidi. Kwa miongo kadhaa zilikuwa ndizo hospitali za wilaya, zikipewa ruzuku na watumishi na serikali kwa mkataba. Mwaka 2018/19 serikali ilianza kujenga hospitali mpya 67 za halmashauri, na mahali ambapo wilaya ilikuwa ikitegemea hospitali teule, ufunguzi wa hospitali ya serikali unaweza kumaanisha mkataba unafikia ukingoni huku wagonjwa wale wale wakigawanywa kati ya majengo mawili.

Kwa hiyo katika kanuni za bima mpya mimi ninatafuta idadi ya siku kati ya kuwasilishwa kwa madai na fedha kuingia akaunti ya kituo, na adhabu kwa mlipaji anayezizidisha. Hospitali humtibu mwenye kadi leo, hununua dawa zake leo, na hulipwa baadaye, tena baada ya makato. Katika kipindi hicho chote dawa za mwenye kadi zinanunuliwa kwa fedha za papo kwa papo, na anayelipa papo kwa papo katika hospitali ya kijijini mara nyingi ni yule ambaye hakuweza kumudu kadi.