Pole ambayo Georges hakuitoa

Jumamosi iliyopita niliingia kwenye ukumbi mdogo wa sinema Quartier Latin, upande ule wa Paris ambako filamu za zamani huonyeshwa upya kila wiki. Walikuwa wanaonyesha Caché, yaani "Iliyofichwa", ya Michael Haneke. Ni ya 2005, na mwaka huohuo ilimpatia tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes. Nina miaka kumi na moja Ufaransa na sikuwahi kuiona. Nilitoka miguu haina nguvu.

Kama hujaiona, ujue nakisimulia kisa chote. Georges (Daniel Auteuil) anaendesha kipindi cha vitabu kwenye televisheni. Yeye na mkewe Anne (Juliette Binoche) wanaanza kuletewa kanda za video mlangoni. Kandani hamna vitisho, ni nyumba yao tu, imepigwa kutoka ng'ambo ya barabara, muda mrefu, kimya. Baadaye kanda zinakuja na michoro kama ya mtoto, uso unaotoka damu mdomoni. Filamu nzima haina muziki. Unasikia hatua za watu, mlango wa gari, basi.

Kanda moja inampeleka Georges hadi kwenye fleti moja Avenue Lénine, Romainville, mji mdogo pembeni mwa Paris. Hapo nilijiweka sawa kitini, maana mimi naishi mtaa wa 20 wa Paris na mzee ninayemhudumia yuko Les Lilas, pua na mdomo na Romainville. Kwenye fleti hiyo anaishi Majid (Maurice Bénichou).

Wazazi wa Majid, Waalgeria, walikuwa wafanyakazi wa shambani kwa kina Georges. Tarehe 17 Oktoba 1961 walikwenda Paris kwenye maandamano ya kupinga amri iliyowazuia Waalgeria kutembea usiku. Maandamano hayo yalikuwa ya kweli. Polisi chini ya Maurice Papon, mkuu wa polisi wa Paris, walipiga watu marungu na risasi, wengine wakatupwa Mto Seine. Serikali ilitaja wafu wachache wa kuhesabu kwa vidole. Wanahistoria wengi wanazungumzia makumi, wengine wanafika 200. Wazazi wa Majid hawakurudi. Wazazi wa Georges wakaamua kumlea, na Georges, miaka sita, hakutaka kugawana chumba. Akazua kwamba Majid anatema damu. Hiyo ilipokosa kukubalika, akamdanganya Majid kwamba baba amesema achinje jogoo, halafu akaenda kusema Majid amefanya vile ili kumtisha. Majid akaondolewa.

Jogoo alipokatwa kichwa, watu ukumbini waliguna. Mimi nimekua nikiona kuku wakichinjwa, halikunishtua. Kilichonivunja ni kuondoka kwa yule mtoto, karibu na mwisho. Kamera imesimama mbali, kwenye giza la ghala. Gari linaingia uani, mtoto anatolewa, anakimbia, anakamatwa, analia. Kamera haisogei hata inchi moja kumfuata.

Georges anashikilia kwamba alikuwa mtoto, na ni kweli, nani atamfunga mtoto wa miaka sita? Lakini sisi tuna neno pole, na pole si samahani. Jirani akiteguka mguu humwambii samahani, unamwambia pole, na hakuna atakayekuuliza kama ni wewe uliyemsukuma. Georges anaogopa hatia kiasi kwamba hata hiyo pole inamshinda. Amekaa mbele ya mtu aliyepoteza baba, mama na nyumba, na kinachomtoka ni vitisho. Majid anapojikata koo mbele ya macho yake, Georges anatoka na kwenda sinema. Mwana wa Majid anamfuata kazini, naye anafokewa. Kisha Georges anarudi nyumbani, anameza dawa za usingizi, anafunga mapazia.

Kutoka ukumbini nilitembea hadi daraja la Saint-Michel. Pale kuna kibao cha kuwakumbuka Waalgeria wale, kiliwekwa 2001. Nimevuka daraja lile mara ngapi na bahasha ya makaratasi yangu ya ukaazi mkononi, kwenda makao ya polisi hapo mbele, na sikuwahi kukisoma.

Nilikisoma, na aliyenijia kichwani ni dada yetu wa kazi, Tanga. Nilikuwa na miaka saba. Nilichukua hela kwenye pochi ya mama, nikanunua ubuyu. Mama alipouliza, hakuniangalia mimi. Nikanyamaza. Alfajiri dada akapandishwa basi la Lushoto na mfuko mmoja wa Rambo. Kanga yake ilibaki kwenye kamba, bado mbichi. Ilikaa pale siku mbili, ikakauka, ikalowa umande, ikakauka tena, na kila mtu aliyepita aliinamisha kichwa kuikwepa.

Nilimpigia mama usiku uleule. "Mwanangu, hayo ya miaka yote hiyo unayafukua ya nini?" Siku ya tatu akanitumia namba, aliipata kwa shangazi.

Jana nimepiga. Akapokea binti.

"Haloo, nani mwenzangu? Mama kaenda shamba. Nimwambie nani kapiga?"

Nikataja jina langu. Akanyamaza hadi nikadhani simu imekata.

"Ahaa," akasema. "Wewe ndiye yule wa Tanga."