Kaniuliza mimi

Toka Jumanne nina kitu kimenikaa kooni, si hasira si huzuni, aibu labda. Nimeona niandike tu maana usingizi wenyewe na joto hili la Mtwara hauji.

Mnajua mdogo wangu alimaliza kitengo cha elimu maalum pale shuleni mwaka jana, nililia humu mkanipa pole. Kumaliza kwenyewe ndo hivyo, hakuna barua ya kumwita popote, miezi sita kakaa barazani mpaka mama mdogo akamchukua wawe wanabangua wote korosho. Sasa tunataka aombe mkopo wa halmashauri, kwenye ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuna 2 ya watu wenye ulemavu, na fomu siku hizi bila namba ya simu haziendi, nkasema twende tukamsajilie laini yake mwenyewe, NIDA anayo, mtu mzima wa miaka 20.

Wakala pale kwenye mwavuli wake stendi akamwangalia yeye, sio mimi, akasema kaka nipe majina yako matatu. Nikajibu mimi. Harakaharaka, lake, la baba, la babu. Mdogo wangu akanigeukia, wala hakupandisha sauti.

"Dada, kaniuliza mimi."

Nkamwambia haya sema, kwa ile sauti ya kumsemesha mtoto (hiyo nayo inaniuma). Akasema. Lake, kimya. La baba, kimya kirefu, nyuma watu wanaguna. La babu.

Harusi ya Newala imepita, mnada wa kwanza wa korosho umepita na baba kafurahia bei, mie naosha vyombo na "kaniuliza mimi". Maana nimeanza kuhesabu. Daktari akiuliza unaumwa wapi, nani anajibu? Shangazi akiuliza utakula muhogo au wali? Mwalimu wake wa kitengo alishanambia, msubiri, hesabu hadi kumi kimoyomoyo, nkaitikia sawa mwalimu. Miaka yote ile yeye kajifunza kuhesabu chenji na kufunga vifungo vya shati, asiyefundishika kumbe ni mimi.

Afu alama za vidole zikagoma. Dole gumba hapana, cha shahada hapana. Mafuta ya maganda ya korosho yamemla ngozi, ncha zote nyeusi zimechubuka, na majivu ya kujikinga anapaka. Wakala akafuta kimashine kwa shati lake, tukajaribu tena na tena, kidole cha pete ndo kikakubali. Nikaanza kuomba radhi kwa usumbufu, mdogo wangu akamwonesha yule kaka mikono yote miwili: "Hivi vya kazini." Nilicheka mpaka nyumbani.

Sasa imekuwa kero nyingine, ananipigia akiwa chumba cha pili. "Haloo, ni mimi." Najua ni wewe! Jana kaingiwa na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kaja mbio kashika elfu mbili yake mkononi. Mkono wangu ushafika kwenye simu nimnyang'anye, nkaurudisha, nkaanza kuhesabu. Nilipofika saba akasema,

"Mbona mi sina deni."

Akaenda zake.

Kesho kikoba na hela ya hisa niliimalizia kwenye nauli ya Newala, na mwezi uliopita pia nilichelewa. Sijui hata mwenyekiti nitamwanzaje.