Entebbe inastahili makumbusho ndani ya uwanja wa ndege

Mimi ni mtu wa Bukoba ninayeishi Entebbe. Wapo wanaoniambia Uganda si ughaibuni: unavuka mpaka pale Mutukula asubuhi, na jua likizama uko Kampala, mezani una ndizi zilezile ulizoziacha kwa mama. Sawa, lakini watoto wangu wanasoma huku, kodi ya nyumba nalipa kwa shilingi za huku, na msiba ukitokea nyumbani habari naipata kwa simu. Riziki yangu ni kushughulikia mizigo uwanjani, hasa minofu ya samaki wa Ziwa Victoria inayopandishwa ndege kwenda nje. Kwa hiyo uwanja wa Entebbe naujua vizuri upande wa maghala. Leo nataka kuandika kuhusu upande wa abiria, maana kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Uwanja huu una historia ya kujaza makumbusho mazima, na mtu anaweza kusafiri kutoka hapa mara nyingi asionyeshwe hata kipande chake.

Makumbusho ndani ya uwanja wa ndege si ndoto. Pale Schiphol, Amsterdam, makumbusho ya taifa ya Uholanzi, Rijksmuseum, yalifungua tawi lake mwaka 2002, katikati ya kumbi za kusubiria ndege, ukishapita ukaguzi wa pasi. Hakuna kiingilio. Nilipopita huko nikisubiri ndege ya kunirudisha Entebbe, niliingia na begi langu mgongoni, nikasimama mbele ya picha ya mchoraji wa karne ya 17. Nilisogea karibu mpaka nikaziona nyufa nyembamba kama nywele kwenye rangi ya mafuta, na pembeni mwa fremu mbao zilizoanza kupauka. Nyuma yangu tangazo la ndege linaitwa, watoto wanalia, magurudumu ya masanduku yanapita. Kitu cha miaka mia tatu na zaidi kilikuwa pale, karibu na uso wangu, na mtu yeyote mwenye tiketi angeweza kukiona.

Athens nako walipochimba ardhi ya kujenga uwanja wao mpya walikuta mabaki ya watu wa kale, na baadhi ya vitu hivyo wakaviweka kwenye makabati ndani ya jengo la abiria. Mumbai, jengo lililofunguliwa mwaka 2014 lina maelfu ya kazi za sanaa na ufundi kutoka pande zote za India, ukutani, abiria anazipita akielekea kwenye ndege.

Lakini waliokwenda mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni San Francisco. Makumbusho ya uwanja ule yalianzishwa mwaka 1980 na ni idara ya uwanja wenyewe, wala si mgeni aliyepangishwa kona. Mwaka 1999 yakawa ya kwanza duniani, kati ya makumbusho ya viwanja vya ndege, kupata ithibati ya chama cha makumbusho cha Marekani. Yana sehemu za maonyesho zaidi ya 20 zilizotawanyika katika majengo ya abiria, na vinavyoonyeshwa hubadilishwa mara kwa mara. Wameshaonyesha mashine za taipu, wameshaonyesha sare za wahudumu wa ndege tangu enzi za mwanzo. Kwenye jengo la safari za kimataifa kuna makumbusho na maktaba ya usafiri wa anga, na ukumbi wake umejengwa kwa kufuata sura ya chumba cha abiria cha uwanja huohuo cha mwaka 1937.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Oakland, ng'ambo ya ghuba. Siku ya kunisindikiza tuliwahi, tukaingia humo pamoja. Hakuna aliyemuuliza tiketi, kwa sababu mahali penyewe pako kabla ya ukaguzi wa usalama. Akaniambia, "Mdogo wangu, huku huwa naleta watoto hata kama hakuna anayesafiri." Tulikaa humo tukitazama vielelezo vya ndege na picha za marubani wa zamani, tukaongea mambo ya nyumbani ambayo kwenye gari tulishindwa kuyaongea. Maneno yake yamenifanya nifikirie sana upande wa wasindikizaji, na hapo ndipo ninapoiona Entebbe.

Njoo uwanjani siku ya ndege za Ghuba. Wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani Saudia na Dubai wanafika kwa makundi, na kila mmoja ana ukoo nyuma yake: mama, shangazi, wadogo zake, mtoto mchanga anayeachwa kwa bibi. Wapo wakimbizi wa Kongo wanaohamishiwa Kanada na nchi nyingine za mbali. Niliwahi kukaa jirani na mama mmoja wa Bunia aliyekuwa anamuaga kijana wake. Alinishika mkono akasema, "Mutoto yangu anaenda mbali sana, papa." Kisha akanyamaza, tukabaki tunatazama mlango ambao kijana ameshapita. Watu hawa hukaa saa nyingi nje, juani au kwenye mvua ya ziwani, na hakuna cha kutazama isipokuwa magari yanayoshusha abiria. Makumbusho ya Entebbe yakijengwa siku moja, naomba yaanze upande huu wa wanaobaki. Wenye tiketi wana maduka ya kupotezea muda.

Na vya kuonyesha vipo, tena vingine viko hatua chache kutoka hapo.

Kabla ya barabara ya lami ya kurukia ndege, usafiri wa anga wa nchi hii ulitua majini. Mwaka 1937 ndege za Imperial Airways zenye matumbo ya mashua zilikuwa zinashuka Port Bell, kando ya Kampala, katika njia ya kutoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika. Mwezi Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa biashara, Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ilipotoka London kwenda Johannesburg, Entebbe ilikuwa moja ya vituo vyake. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 6 Februari, binti wa mfalme wa Uingereza aliyekuwa Kenya alipata habari ya kifo cha baba yake, akaletwa Entebbe kwa ndege ndogo ili apande kubwa ya kwenda London. Mvua ya radi ikawazuia kuruka. Elizabeth alikaa hapa Entebbe, malkia wa siku ya kwanza, akisubiri mawingu ya ziwa letu yapite. Mtu yeyote aliyeishi hapa mwezi wa Februari anaijua mvua hiyo.

Halafu kuna mwaka 1976. Ndege ya Air France iliyotekwa tarehe 27 Juni baada ya kuondoka Athens ililetwa hapa, mateka wakawekwa katika jengo la zamani la abiria, na usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israel wakaja kuwachukua. Mateka 102 waliokolewa. Dunia nzima inaijua Entebbe kwa usiku huo, na wageni wanapenda kuuliza kuhusu mnara wa zamani wenye alama za risasi. Lakini nikisikia simulizi hilo, mara nyingi linakatwa ndege za Israel zikishaondoka. Waganda waliokufa usiku ule, askari vijana waliokuwa zamu, hawatajwi kwa majina. Dora Bloch, mmoja wa mateka, bibi wa miaka 74 aliyekuwa amepelekwa hospitali ya Mulago, aliuawa baadaye. Na kwa sababu ndege zile zilijaza mafuta Nairobi, Wakenya waliokuwa wanaishi Uganda, watu wa kazi zao tu, waliuawa kwa kisasi. Nina majirani Wakenya hapa Kitooro ambao wazee wao wanaikumbuka Julai ile kwa hofu. Kabati la Entebbe lisilowataja hao litakuwa limesema nusu ya jambo.

Sisi Watanzania nasi tuna ukurasa wetu. Baba yangu mdogo alikuwa askari katika vita vya Kagera. Walitembea kutoka mpakani, wakapita Masaka, na tarehe 7 Aprili 1979 jeshi letu likauteka uwanja wa Entebbe kutoka kwa majeshi ya Amin na Walibya waliokuja kumsaidia. Siku nne baadaye Kampala ikaanguka. Baba mdogo hasimulii mapigano. Anasimulia viatu vilivyooza kwa maji ya vinamasi, na mama mmoja wa Kiganda aliyewapa ndizi za kuchoma kando ya barabara bila kusema neno. Wenzake waliokufa, wengine wamezikwa Kaboya, kule Muleba. Nikipeleka mizigo uwanjani alfajiri huwa namfikiria akiwa kijana kwenye ardhi ileile, na inaniuma kwamba mjukuu wake anayesoma hapa Entebbe hana mahali pa kuoneshwa kwamba babu yake alifika.

Kuna na historia ya amani, ambayo naipenda zaidi. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa fundi wa East African Airways, shirika letu sote, lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya zamani. Yeye ni Mganda, alifanyia kazi Nairobi, na Kiswahili chake hadi leo ni cha karakana za Embakasi. Siku moja alinitolea kitambulisho chake cha kazi. Kilikuwa kimefunikwa plastiki iliyogeuka njano na kukakamaa, kona moja imeungua kidogo, na kwenye picha kuna kijana mwenye nywele za mviringo na kola pana, anatazama kamera bila kutabasamu. Nyuma kuna sahihi ya wino wa bluu uliosambaa. "Hii, kijana wangu, ilikuwa inanifungulia mlango Dar, Nairobi na hapa," akaniambia, "na hakuna aliyeniuliza mimi ni wa wapi." Anakihifadhi ndani ya bati la biskuti, chini ya kitanda.

Kwa upande wa sanaa, ningeanza na nguo ya gome la mti. Ufundi huu wa Buganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Mti wa mutuba unachunwa gome bila kuuawa, gome linalainishwa kwa moto au mvuke, kisha linapondwa kwa nyundo za mbao zenye michirizi, kuanzia ile ya michirizi mipana hadi ile ya michirizi myembamba, mpaka linatanuka na kuwa laini, jua likalipa rangi ya udongo uliochomwa. Sisi Wahaya tunalijua vilevile. Bibi alikuwa na kipande kilichoshonwa viraka kwa uzi wa ukindu, akakitoa tu siku za kuzika. Nikiona msafiri ananunua pochi ya gome dukani uwanjani bila mtu wa kumweleza haya, naona tumemuuzia kitu nusu.

Wapo watakaosema vitu vya thamani haviwezi kukaa katika vumbi na pilikapilika za uwanja. Ndiyo, vingine havifai kutoka pale Kira Road, kwenye Makumbusho ya Uganda, taasisi iliyoanza mwaka 1908. Wala sitaki vitolewe vyote. Mwezi Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu 39 vya urithi wa Uganda, kwa mkopo wa muda mrefu, na kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929 bado kiko British Museum, London. Vitu vya namna hiyo vinataka chumba chenye hewa inayodhibitiwa na wahifadhi waliobobea. Lakini ala za muziki zilizotengenezwa na mafundi walio hai, vibuyu vya maziwa vya Ankole, picha, ratiba za ndege za mwaka 1965, sare, nakala za barua, hivyo vinatosha kabati la kioo lenye kufuli na taa nzuri. San Francisco nao huazima vitu vingi kwa watu na taasisi nyingine. Uwanja uko chini ya mamlaka ya usafiri wa anga na makumbusho yako chini ya wizara ya utalii. Sharti wakae meza moja, na uwanja ukubali kuwa mwenye nyumba kamili.

Na maelezo yawe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza na Kiganda. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mama wa Bunia, jirani yangu wa Kisumu, mzee wa Embakasi na mwanangu wa darasa la tano wote wangesoma kibao kilekile.

Mpaka siku hiyo ifike, ukiwa na saa kadhaa Kampala kabla ya safari, nenda Kira Road. Chumba cha ala za muziki peke yake kinalipa nauli. Na kama baba yako, babu yako au shangazi alifanya kazi East African Airways, iwe Dar, Mombasa, Entebbe au Kisumu, muulize alikoweka vitu vyake: kitambulisho, kofia, picha ya kikosi, kijitabu cha ratiba. Piga picha, andika nyuma jina na mwaka, na wakati wa kuhama nyumba usikubali bati hilo litupwe.